Picha za kuprinti nyumbani kuvimba na kujikunja ndani ya fremu: chanzo chake na namna ya kuzifremu zikae zimenyooka

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi,

Siku hizi watu wengi wana printa za tangi majumbani, Epson za L na Canon za G, wanaprinti wenyewe picha za harusi, za watoto, za wazee waliotangulia, rangi zinatoka safi kabisa, mtu ananunua fremu anatundika sebuleni na mwanzoni hakuna neno. Sasa subiri masika yapite. Unakuta katikati imetuna, kona moja imejikunja, taa ikiwaka usiku unaona mawimbi mawimbi kama bati. Wengi wanalaumu printa au wanasema karatasi ni feki, wakati mara nyingi shida iko kwenye namna ile picha ilivyofungwa ndani ya fremu. Nimeona nifungue huu uzi kwa sababu picha nyingi zinazoharibika hivi ndo zile ambazo familia haina nakala nyingine, na inauma sana kwa kitu ambacho kinazuilika kwa vifaa vya steshenari tu.

Tuanze na karatasi yenyewe. Karatasi ni nyuzi za mti, na nyuzi hizo zinavuta unyevu wa hewa na kuutoa kila siku, ni habari ile ile ya mlango wa mbao unaokwama masika halafu kiangazi unafunguka wenyewe. Uzi mmoja ukinywa unyevu unanenepa zaidi kuliko unavyorefuka, na kiwandani nyuzi nyingi zinalala kufuata mwelekeo wa mashine, kwa hiyo karatasi inatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, tofauti inaweza kuwa mara kadhaa. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima na kuanzia Machi hadi Mei ndo balaa, karatasi lazima itanuke, huna namna ya kuizuia. Swali ni je umeiachia nafasi ya kutanukia? Ukiibana pande zote nne kwa selotepu inatanuka halafu haina pa kwenda, inatuna katikati. Mawimbi mengi mnayoyaona chanzo chake ni hicho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: shika picha kwa juu tu, kwingine iache huru.

Sasa twende hatua kwa hatua japo sitaenda kwa mpangilio wa kitabu.

Karatasi. Ya fotokopi ile ya gramu 80 sahau kwa picha ya fremu, wino wa hizi printa zetu una maji mengi, ukijaza rangi karatasi yote inalowa upande mmoja, inapindia nyuma, ikikauka inageukia mbele, na haitulii tena. Chukua karatasi ya picha ya gramu 200 kwenda juu, 230 au 260 ni nzuri zaidi. Zile za kung'aa nyingi zina tabaka jembamba la plastiki mbele na nyuma ya karatasi, maji ya wino yanaishia kwenye tabaka la juu bila kufika kwenye nyuzi, ndo maana zinatulia kuliko karatasi tupu. Lakini msidanganyike kwamba hazipindi kabisa. Hewa ikiwa kavu sana lile tabaka la picha linasinyaa kuliko mgongo wake na picha inajikunja kuelekea mbele.

Kukauka. Hapa watu hawana subira kabisa. Picha ikitoka kwenye printa ukiigusa unaiona kavu, ila ndani ya wino kuna vimiminika vingine mbali na maji vinavyochelewa sana kutoka, ukiifungia kwenye kioo siku hiyo hiyo vinatoka vikiwa ndani na utaona ukungu kwenye kioo kwa ndani. Ilaze mezani picha ikiangalia juu, iache kama robo saa, halafu weka juu yake karatasi nyeupe ya kawaida ya fotokopi ifunike yote, acha masaa 24. Ile karatasi inavuta mabaki. Ukiona imeanza kupata mawimbi jua imekunywa, weka nyingine. Msiweke kwenye feni wala msianike juani, mnakausha upande mmoja kwa nguvu na hapo ndo mnaifundisha kupinda.

Kioo kisiguse picha. Nalisema hili kwa msisitizo. Picha ikigandana na kioo kipindi cha unyevu lile tabaka la juu linalainika na kushika kioo, likikauka limeshaungana nacho, na kuitoa bila kuichana ni kazi ngumu sana. Dawa yake ni maunti, yaani kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati, inakaa kati ya picha na kioo. Ile ya kununua inakuwa na unene wa milimita moja na nusu hivi, hiyo nafasi inatosha. Kama hupati, unganisha kadi mbili za manila nene nyeupe. Kata kwa kisu cha wembe chenye ncha mpya na rula ya chuma, pitisha mara nyingi taratibu usikandamize kwa mara moja, la sivyo kona zitachanika. Dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 5 kila upande ili kingo za picha zifichwe nyuma yake.

Kuishika picha. Huku nyuma weka kadibodi ya mgongo, safi, nyeupe, siyo ile ya boksi la biskuti. Kama picha yako iko kwenye karatasi ya kawaida isiyo na plastiki, kata vipande viwili vya tepu ya karatasi ile ya kulowesha, bandika nusu nyuma ya ukingo wa juu wa picha na nusu iliyobaki isimame juu ya ukingo, kisha bandika kipande kingine kwa kukatiza juu yake kwenye kadibodi, utapata umbo la herufi T. Viwili tu, juu tu. Picha inaning'inia kama nguo kwenye kamba, ikitanuka inashuka chini na pembeni bila kubanwa.

Kama ni ile yenye plastiki gundi ya maji haishiki mgongoni mwake, hapo tumia kona za karatasi kwenye pembe zote nne, hazibani kwa hiyo picha bado iko huru kutanuka. Chukua ukanda wa karatasi safi, kunja ncha zote mbili zikutane utapata pembetatu yenye mfuko, ingiza kona ya picha ndani, bandika pembetatu kwenye kadibodi bila gundi kugusa picha. Acha mchezo wa milimita moja au mbili, usizikaze. Uzuri wake ukitaka kuitoa picha unaichomoa tu ikiwa mzima bila tone la gundi.

Fremu nayo iwe na nafasi ndani, kioo na maunti na mgongo vikiingia kwa kugongwa na nyundo ujue umeibana, acha milimita 2 au 3 jumla.

Ukutani je? Ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ukuta wa bafu, ukuta wenye plasta mpya, hizo sehemu zote zinatoa unyevu moja kwa moja mgongoni mwa fremu. Kata vipande vidogo vya soli ya kandambili ya zamani, bandika kona mbili za chini nyuma ya fremu, hewa ipite. Na wenye AC msitundike picha ikitazamana nayo, ikiwashwa na kuzimwa kila siku karatasi inasinyaa na kutanuka bila kupumzika.

Karibuni tuchangie, wenye uzoefu na mafundi fremu njooni.

#2

Mkuu uzi mzuri ila mimi nafanya fremu mwaka wa ngapi huu na sisi tunabandika tu, gundi nyeupe ya mbao kwenye hadibodi, unapitisha roli, picha inanyooka pale pale mteja anaondoka. Hizo kona na T mteja wa mtaani ataelewa saa ngapi? Anataka aone imekaza.

#3 (mwanzisha uzi)

Kiongozi nashukuru kwa kuja, nyie ndo nilikuwa nawasubiri.

Kubandika sikatai, kuna kazi zinahitaji, bango kubwa la ofisini au la dukani huwezi kulining'iniza kwa vipande viwili vya tepu. Lakini angalia kinachotokea ukitumia gundi yenye maji. Unaipaka, karatasi inakunywa na kutanuka, unaibandika ikiwa imetanuka, kisha inakauka ikiwa imeshikwa na inataka kurudi saizi yake. Haiwezi kwa hiyo inavuta hadibodi. Baada ya muda hadibodi yenyewe ndo inapinda, kingo zinakuja mbele, na fremu nyembamba inapinda nayo. Hakikisha hili kwako hapo, toa kazi yoyote ya zamani uweke rula mgongoni.

Dawa wanayo mafundi wa kujalidi vitabu na hawajawahi kuificha: ukibandika karatasi mbele ya ubao bandika na nyuma. Karatasi ya uzito ule ule, gundi ile ile, siku ile ile, na nyuzi zake zilale mwelekeo mmoja na ya mbele. Zinavutana kwa nguvu sawa ubao unabaki katikati umenyooka. Halafu usimpe mteja pale pale, weka nailoni juu na chini, weka ubao mwingine na mzigo mzito, ikae mpaka ikauke kabisa, usiku mzima angalau.

Kujua nyuzi zinalalaje: shika karatasi uipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande inaopinda kirahisi, mstari wa mkunjo ndo unafuata nyuzi. Ukitaka uhakika kata kipande cha mraba kisichozidi kidole, lowesha upande mmoja, kitajiviringisha chenyewe kama bomba na lile bomba linalala sambamba na nyuzi.

Tena kuna hii ya hadibodi na MDF, mbao hizi zinatoa asidi polepole na karatasi nyeupe inageuka njano. Ukilazimika kuitumia weka karatasi ya foili ya jikoni au nailoni ngumu kati ya ubao na mgongo wa picha. Kwa picha ya mtu ambaye hayupo tena mimi sibandiki kabisa, kwa bei yoyote, kwa sababu ukishabandika umeifungia maisha na huo ubao, ukioza ubao umeoza na picha.

#4

Ahsante sana shekhe. Mie niko Unguja, hapa nyumbani tuna picha ya bibi yetu imegandana na kioo kama unavyosema, upande wa shavu na ushungi umeshika kabisa. Kuna mtu katwambia tuloweke kwenye maji. Nimeogopa. Na kuna nyengine za zamani zaidi zimebandikwa juu ya kadi nene ngumu, hizo ajabu hazijapinda hata kidogo.

#5 (mwanzisha uzi)

Dada, kwanza kabisa msiloweke na msivute. Kama ile picha iliprintiwa kwa printa ya wino wa maji, maji yanaweza kufuta sura yote. Kama ni ya studio ya zamani iliyosafishwa gizani, tabaka lake ni jelatini, zipo njia za kuilegeza kwa unyevu lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea uhifadhi wa picha, siyo ya kujaribu kwenye beseni.

Fanya hivi leo leo. Toa kioo na picha kwenye fremu vikiwa pamoja vilivyo, futa kioo kwa nje tu kwa kitambaa kikavu. Peleka karibu na dirisha lenye mwanga wa pembeni, siyo jua la moja kwa moja, weka kitambaa cheusi au kanga nyeusi mbele ya anayepiga, kamera tu ndo ichungulie, ili kioo kisirudishe sura yake, piga kwa simu yenye kamera nzuri kutoka juu kabisa iwe sambamba, au ipitishe kwenye skana kupitia kioo hicho hicho. Piga nyingi, hifadhi sehemu zaidi ya moja. Ukishapata nakala unaprinti mpya unaifremu kwa maunti, na ile ya asili iacheni na kioo chake, ifungeni kwenye karatasi safi iwekwe kabatini mbali na ukuta wa nje, ikiwa imelala. Kuwa na kioo siyo kufa kwake, kuivuta ndo kufa kwake.

Kuhusu zile za kadi ngumu umegusa kitu nakipenda sana. Picha za karne ya 19 nyingi ziliprintiwa kwenye karatasi nyembamba sana iliyopakwa ute wa yai, karatasi hiyo ikiachwa peke yake inajikunja kama mkeka, kwa hiyo wapiga picha walilazimika kuibandika juu ya kadi nene. Zile kadi ndogo za picha alizozisajili mpiga picha Disdéri kule Paris mwaka 1854 zilikuwa hivyo na mtindo huo ukaenea dunia nzima. Baadaye karatasi zikawa nene zenye jelatini, na studio za huku kwetu kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilifanya kazi enzi hizo za karatasi zisizo na plastiki, ambazo zikikauka zinapinda na ilikuwa lazima zinyooshwe. Kwa hiyo wazee wetu walipambana na tatizo hili hili. Hizo za kadi msizibandue kwenye kadi zake wala msikate kadi ziingie kwenye fremu ndogo, maana mara nyingi jina la studio limeandikwa pale chini, na hiyo ni sehemu ya historia ya familia.

#6

Boss hapa Nairobi kwetu hiyo ya unyevu si sana, yangu inajikunja kuja mbele kama unataka kuiroll, hasa hizi za glosi. Nimeprinti kumi hivi za graduation ya dadangu zote zinafanya hivyo. Nizipige pasi?

#7 (mwanzisha uzi)

Hapana pasi hapo hapana. Karatasi yenye plastiki ukiipiga pasi ya moto wa kawaida plastiki inayeyuka au inatokea malengelenge, na hayatoki. Wanaobandika kwa joto wanatumia mashine ya kukandamiza inayopimwa moto, wanakaa chini ya nyuzi 100 za sentigredi, pasi ya nyumbani huwezi kujua iko wapi.

Kwako hewa kavu ndo inasinyaza tabaka la mbele. Zipeleke sehemu yenye unyevu kidogo, siyo bafuni kwenye mvuke, chumba tu ambacho nguo zinaanikwa ndani, ziache zimelala nusu siku zilegee. Kisha zipange uso kwa mgongo na karatasi safi kati yao, juu weka ubao na vitabu vizito, zikae siku kadhaa. Ukiwa na haraka chukua bomba pana, pana kweli kama lile la kapeti na siyo la tishu, funika picha kwa karatasi safi, izungushe kinyume na inavyojikunja kwa dakika chache tu kisha ilaze chini ya mzigo. Bomba jembamba linavunja lile tabaka la juu na utaona nyufa ndogo ndogo kwenye sehemu za giza.

Na ukishazifremu kwa kona zile za karatasi, maunti yenyewe inazilalia kingo zote kwa uzito mdogo tu, hazitarudi kujikunja.

#8

Naongezea kidogo, nina steshenari. Wanaoleta kuprinti kwenye leza wajue leza haina maji lakini ina joto kali, pale kwenye roli karatasi inapita kwenye joto la nyuzi 180 za sentigredi au zaidi, inakauka ghafla inatoka imepinda, halafu ikikaa inavuta unyevu tena kwa haraka inapinda vingine. Ukitoa kwenye mashine ilaze chini ya rimu mpya nusu saa kabla ya kufanya chochote. Na rimu zenyewe msiziache wazi, karatasi iliyokunywa unyevu kabla ya kuprintiwa haiwezi kunyooka hata mfanyeje. Sisi tunarudisha kwenye nailoni yake na kufunga kila jioni.

#9 (mwanzisha uzi)

Umenena mkuu, hiyo ya kufunga karatasi ni ya muhimu mno na nilitakiwa niiweke juu kabisa. Karatasi za picha pia hivyo hivyo, zirudi kwenye mfuko wake zikiwa zimelala.

#10

Habarini, mimi ni mama wa nyumbani tu, sina maunti wala tepu ya kulowesha, nina fremu za kununua zile za A4 zenye kioo na mgongo wa vibanio. Mwanangu kachora picha za rangi za maji shuleni, zimejikunja sana, nataka nimtundikie chumbani kwake kabla ya kufungua shule. Nifanyeje kwa vilivyopo?

#11 (mwanzisha uzi)

Mama hongera, na hiyo inawezekana kabisa kwa vilivyopo.

Rangi za maji zinapinda kwa sababu ile ile, sehemu zilizolowa zilitanuka na zingine hazikutanuka. Ilaze michoro ikiangalia chini juu ya karatasi nyeupe safi, chukua kitambaa safi kiloweshe ukikamue mpaka kisidondoke hata tone, futa mgongo wa karatasi kwa wepesi sana, uwe baridi tu siyo kulowa. Jaribu kwanza pembeni uone rangi haitoki upande wa pili, na kama alitumia kalamu za wino hatua hii iruke. Weka karatasi safi juu, ubao wa kukatia mboga, juu yake ndoo ya maji yenye mfuniko. Badilisha karatasi za kati baada ya saa moja na tena kabla ya kulala, acha mpaka kesho kutwa.

Hizo fremu za A4 zina milimita 210 kwa 297 na mchoro wa A4 unaingia ukiwa umebana kabisa pande zote, hapo ndo patamu pa kuvimba. Punguza mchoro milimita 2 upande mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kama hutaki kuukata basi nunua fremu kubwa kidogo. Ili kioo kisiguse rangi, kata vipande vyembamba vya kadi ya manila upana wa kidole kimoja, vinne, vizunguke kingo zote kati ya kioo na mchoro, unene wa vipande viwili vilivyowekwa pamoja unatosha. Mchoro ushikwe kwa kona nne za karatasi zilizoachiwa mchezo kama nilivyoeleza, kubandikia kona hizo kwenye mgongo wa fremu uji mzito wa wanga uliopoa unafaa, kidogo sana kama kupaka mafuta kidoleni, ukauke kabisa kabla hujafunga kioo kwa sababu uji mbichi unaita mende na ukungu. Selotepu isiguse mchoro mahali popote, baada ya miaka gundi yake inahama inaingia kwenye karatasi na doa la kahawia halitoki.

Kisha funga vibanio bila kuvikandamiza kupita kiasi, weka vipande vya kandambili nyuma chini, tundika ukuta wa ndani usiopigwa na jua la mchana maana rangi za maji za shule zinapauka haraka. Mwanao akichora nyingine badilisha ndani ya fremu hiyo hiyo, hizi za zamani zihifadhi zikiwa zimelala kwenye faili gumu, na nyuma uandike tarehe na jina lake kwa penseli, siyo peni.